Nukta na Mkato: "Mathe" ni neno au si neno?

*Mama Nukta, shikamoo. Kwetu Umoja tuna grupu la WhatsApp la familia, watu 11. Kila asubuhi mmoja wetu huficha neno la herufi tano na wengine tuna nafasi sita za kulibahatisha. Aliyeficha hujibu kwa vijisanduku: kijani herufi ikiwa mahali pake, njano ikiwa imo ila imekaa pasipo pake, nyeusi ikiwa haimo kabisa. Anayeshika mkia wiki nzima ndiye hununua chapati madondo Jumapili. Juzi shemeji yangu alificha "mathe", yaani mama kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani. Hakuna aliyepata. Mjomba, mwalimu mstaafu, akasema hilo si neno, akatoka kwenye grupu. Tumemrudisha, lakini mpaka leo chapati hazijanunuliwa. Nani alipe?*
*Mpenda chapati, Umoja*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nipelekee salamu kwa mjomba. Mimi pia nimewahi kutoka kwenye grupu kwa sababu ya neno, na kisa chenyewe nitakieleza nikijibu barua ya pili.

Huo mchezo mnaouiga, Wordle, ulitungwa na Josh Wardle, mtaalamu wa programu mzaliwa wa Wales aliyekuwa akiishi Brooklyn, apate kuucheza na mwenzake, Palak Shah. Maneno ya Kiingereza ya herufi tano yalikuwa kama 12,000, mengi yake ni yale ambayo hata Mwingereza hajapata kuyasikia. Shah aliyapitia yote akabakiza aliyoyajua yeye, kama 2,500. Mchezo ukafunguliwa kwa watu wote Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Dunia nzima ikawa inakuna kichwa kila asubuhi kwa maneno yaliyopita kwenye chekecheke la mwanamke mmoja. Ndiyo maana mtu akiniambia neno fulani "halimo", humuuliza: halimo kwenye orodha ya nani?

Ninyi hamkuwa na orodha yoyote. Mlikuwa na mjomba.

Naye atasema "mathe" ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Kweli. Lakini muulizeni alikuwa akifundisha wapi. Shule! Herufi tano, na tumeipata kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Wazanzibari husema "skuli", tano pia, ya Waingereza hiyo. Shati, tano. Soksi, tano. Tofauti ya shati na mathe ni kwamba shati lilishapata kitambulisho, mathe bado yuko kwenye foleni.

Shemeji naye asianze kucheka. Ana tatizo ambalo mjomba hakulisema kwa sababu alikuwa na hasira. Sheng huandikwa kwa sikio. Huyu ataandika "mathe", yule "madhe", na wa mtaa wa pili atakuambia kwao ni "masa". Mkiwa mnapiga gumzo hilo halina neno, maana kila mtu anaelewa ni mama anayesemwa. Kwenye mchezo wa vijisanduku vitano, herufi moja ikiyumba mchezo umekufa. Ukitaka kuficha neno, liwe neno ambalo watu wote 11 wangeliandika vilevile wakiwa vyumba tofauti.

Na kuna shimo kubwa kuliko hilo la Sheng, ambalo naona bado hamjaliangukia. Kitenzi cha Kiswahili kinavaa nguo nyingi mno. Mkiruhusu kilichonyambuliwa, leo mtu ataficha "akaja", kesho "ikaja", keshokutwa "ukaja", kisha "akala", "ikala", "ukala", na familia itakesha. Kubalianeni hivi: neno liwe vile linavyosimama mwanzoni mwa mstari kwenye kamusi. "Panda" ni ruhusa, "jenga" ni ruhusa, "akila" hapana. "Ch" na "sh" zijaze visanduku viwili, kwa kuwa simu haina kitufe kimoja cha "ch". Kile kijikoma cha "ng'ara" kisihesabiwe, la sivyo wenye kukaa mtaa wa Ngara watawasumbua. Tena msipoteze bando kutafuta konsonanti kwenye kisanduku cha mwisho. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na hapo tunamshinda Mwingereza kwa mbali.

Sheng mkiipenda, itengeeni siku yake. Ijumaa, kwa mfano. Mfiche "mbogi", mfiche "ngori", na mjomba siku hiyo awe jaji.

Chapati: shemeji alipe nusu kwa kuficha neno lisilo na tahajia moja, mjomba alipe nusu kwa kutoka. Madondo ununue wewe uliyenitangazia ugomvi wa nyumbani.

*Mama Nukta, kazini tuna mwenzetu anayesahihisha kila ujumbe. Niliandika, "Gari imeharibika, nitachelewa." Akajibu neno moja tu: "Limeharibika." Hata hakuniuliza niko wapi. Nilikuwa Mlolongo na mvua ilikuwa inanyesha. Nani mwenye makosa?*
*Aliyelowa, South B*

Pole sana. Kwa ngeli, yeye ndiye yuko sawa: gari limeharibika, magari yameharibika. Basi nalo hivyohivyo, na shati lako lililolowa. Simu ndiyo inayotaka "i": simu imezima, simu zimezima. Sisi wa Nairobi tumeipenda hiyo "i" mpaka tunaibandika kila mahali, "kitu imepotea", "mtoto ingine". Nimezaliwa Majengo, Pumwani, kwa hiyo sijaisoma kitabuni, nimekua nayo. Ukisimama stejini ukamwambia makanga "gari limejaa" atakuangalia mara mbili, adhani umetoka kusoma taarifa ya habari.

Hicho Kiswahili sanifu tunachopigania nacho kilichaguliwa mezani. Mkutano wa mwaka 1928 ulifanyika Mombasa, ukachagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi. Wenyeji wa mji huohuo wa mkutano, wanaosema "ndia" tunapoandika "njia", wakaambiwa chao hakitaingia vitabuni. Sikuambii hivi ili uandike "gari imeharibika" kwenye ripoti ya ofisi. Kwenye ripoti andika "limeharibika", tafadhali. Nakuambia ili mwenzako ajue kwamba sanifu ni nguo ya kutokea, na hakuna anayemkagua mtu vifungo akiwa amekwama barabarani kwenye mvua.

Sasa kile kisa changu. Jirani yetu hapa Buruburu alifariki usiku. Kulipokucha binti yake akaandika kwenye grupu la mtaa: "Tumepoteza baba yetu." Kidole changu, ambacho kilishika kalamu nyekundu miaka 27 katika kiwanda cha uchapishaji, kikajibu kabla mimi sijaamka sawasawa: "Tumempoteza."

Kisarufi sikukosea. Mtu hupotezwa na hiyo "m" ndani yake. Bila "m" huenda ni mwavuli. Hakuna aliyenijibu. Watu 140 kwenye grupu, na chini ya ujumbe wangu kimya kitupu mpaka saa nne, mtu mmoja alipoandika "Poleni sana" akiniruka kama dimbwi. Nikaufuta, lakini ile alama ya kwamba kuna ujumbe umefutwa ikabaki, nikaona heri nijitoe. Nilipofika matangani na sufuria ya wali, yule binti aliipokea kwa mikono miwili na kunishukuru. Iliniuma kuliko kama angenitukana.

Mwonyeshe mwenzako ukurasa huu. Na siku nyingine gari likizima Mlolongo, usiandike. Piga simu, kwenye simu atalazimika kukuuliza uko wapi.

*Mama Nukta, bosi wangu huandika "aidha mje leo au mje kesho". Nimemwambia si sahihi, akasema lugha inakua. Naye si ndiye wewe unayemtetea kila mwezi?*
*Katibu, Upper Hill*

Hapa simtetei mtu. "Aidha" ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni "vilevile", "zaidi ya hayo". Bahati mbaya limefanana kwa sauti na "either" ya Kiingereza, yaani "ama", basi watu wakalitwika mzigo wa jirani. "Ama mje leo ama kesho" ndiyo kauli yenyewe, na ni fupi zaidi.

Utaniuliza mbona nina huruma na "mathe" na sina huruma na hili. Mathe anajijua kuwa ni wa mtaani, wala hajidai. "Aidha" wa bosi wako amevaa suti, kaingia kwenye barua rasmi, na aliyemkaribisha anadhani anaandika Kiswahili cha juu kabisa. Mtu akisoma barua hiyo kwa maana halisi ataelewa kwamba "vilevile mje leo au mje kesho", kisha atangoja aambiwe ni vilevile na nini.

Lakini ni bosi, na kodi ya nyumba ni ya mwisho wa mwezi. Lirekebishe kimyakimya kabla ya kupiga chapa.

*Shosho Nukta, sema ukweli, wewe kwenye hiyo game huanza na neno gani?*
*Mwanafunzi, Ngara*

Shosho! Haya, nimekubali.

Mimi huanza na "kauli". Ina irabu tatu kwa mpigo, pamoja na "k" na "l" ambazo kwetu hazikai mbali. Nisipopata la maana, la pili ni "ngome". Hapo nimeshapima irabu zote tano na konsonanti tano bila kurudia herufi hata moja, na bado nina nafasi nne. Ilinichukua jioni mbili na daftari kuipata jozi hiyo.

Mjukuu wangu huanza na neno lolote linalomjia akiwa kwenye matatu. Wiki iliyopita alinishinda mara nne.