MTA ya jino na hiyo arseniki

Dadangu umeuliza kama MTA, ile simiti ya daktari wa meno aliyowekewa mwanao kwenye mzizi wa jino, ni sumu, eti ina arseniki. Chembechembe zaweza kuwamo kweli, maana mama yake MTA ni simiti ya Portland, jamii ya hiihii twajengea nyumba, ila imesafishwa ikatiwa bismathi oksaidi ionekane kwa eksirei. Lakini kuwamo si kutoka bana, cha kuangalia ni kiasi gani chayeyuka, ndo maana ISO 9917-1, kanuni ya kimataifa ya simiti za meno, yataka arseniki inayoyeyuka kwa asidi isizidi miligramu 2 kwa kilo. Halafu kuna kupima na seli, simiti yalowekwa kwa maji ya kukuzia seli, yale maji wazitilia seli za panya ziitwazo L929, zikibaki hai chini ya asilimia 70 ya zile hazikuguswa basi imefeli. Taabu ni kwamba MTA mbichi ina alkali kali, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, yafika kama 12, kwa hivyo seli zaweza kufa kwa alkali watu wakasingizia arseniki. Muulize tu daktari paketi ni ya kampuni gani. Simiti ya gunia usikubali wallahi.