Wakorea wanasherehekewa kwa lipi?

SWALI: Shikamoo Bi Mwanaisha. Naishi Los Angeles na mume wangu na binti yetu Nasra, yuko darasa la nne. Shuleni kwao tarehe 13 Januari kuna sherehe ya Wamarekani wenye asili ya Korea, na wazazi tumealikwa. Mume wangu anasema wale ni matajiri wenye maduka yao, sisi wageni wa juzi tukawapigie makofi ya nini? Nimekosa la kumjibu. Na chakula chao tutakiweza? – Mama Nasra

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo simlaumu. Ukipita Koreatown, mtaa wa Wakorea hapo Los Angeles, kuanzia benki hadi saluni, vibao vingi ni vya Kikorea. Ila maduka hayo yamekuja nyuma sana. Wengi wa wenyewe waliingia baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyowafungulia Waasia mlango wa Marekani. Hiyo tarehe mliyoalikiwa ni ya wakata miwa.

Tarehe 13 Januari 1903 meli iitwayo Gaelic ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wakorea 102, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Hawaii. Ujira wa mwanamume ulikuwa kama dola 16 kwa mwezi. Hadi 1905 walikwisha kufika kama 7,000. Mwaka 1910 Japani ikaimeza nchi yao, basi hata wa kurudi akawa hana pa kurudi. Na hapo ndipo mimi huwapa heko: kwenye vijisenti vile vile wakachangishana kupigania uhuru wa Korea.

Wengine walivuka hadi California. Kule Riverside, mpigania uhuru Ahn Chang Ho alichuma machungwa pamoja na wenzake, akiwahimiza wachume kila chungwa kwa uangalifu, kwani kazi safi nayo ni kuitumikia nchi. Mwaka 1913 jimbo likapitisha sheria ya kumzuia kununua shamba mgeni asiyeruhusiwa kuwa raia, na Mkorea alikuwa miongoni mwao. Pamoja na hayo, huko Reedley kampuni ya Kim Brothers ilijipatia jina kwa nektarini, yale mapichi yasiyo na manyoya. Mkiyaona sokoni, mwambie mumeo.

Nasra msimulie habari za Sammy Lee. Alizaliwa Fresno mwaka 1920, wazazi wake Wakorea. Alipokuwa kijana akijifunza mchezo wa kupiga mbizi kwa kujirusha kutoka juu, bwawa la Pasadena liliwaruhusu wasio Wazungu siku moja tu kwa wiki, kisha maji yakamwagwa na kujazwa mengine. Siku nyingine alikuwa akijirusha kwenye shimo la mchanga! Kijana huyo akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948, akairudia Helsinki 1952, na juu ya hayo akawa daktari wa masikio. Leo kuna shule ya msingi Los Angeles yenye jina lake.

Sasa huo utajiri. Nilipokaa Koreatown, jirani yangu alikuwa mama wa Kikorea mwenye duka la kufulia nguo. Kwao alikuwa mfamasia. Hapa alifungua duka kabla ya alfajiri, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekakamaa kwa kushika pasi, hata kikombe cha chai alikishika kwa vidole vingine. Mwanawe alifanya hesabu za shule juu ya marobota ya mashuka. Na mumeo aulize watu wa zamani hapo mjini juu ya ghasia za Aprili 1992: maduka ya Wakorea zaidi ya 2,000 yaliporwa au kuchomwa, na wengi walianza upya bila kitu.

Nendeni. Nasra akimpa mkubwa kitu, atumie mikono miwili. Kwao ni adabu, na kwetu pia si jambo geni.

Chakula mtakiweza, aliyezoea achari, kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha yenye pilipili, haimshindi. Wewe angalia nyama tu. Zile sambusa zao za mvuke, mandu, mara nyingi hutiwa nguruwe, na kimbap, wali wa kuvingirishwa kwa mwani, mara nyingi huwekwa hemu, nayo ni nguruwe, katikati. Supu ya vipande vya mkate wa mchele kwa kawaida hupikwa kwa ng'ombe, lakini uliza kwanza ni nyama ya wapi. Ukiona mashaka, beba sinia lako la vitumbua, hakuna atakayekukatalia.