Bunduki hainyamazi: kinyamazisho, sailensa au kiwambo?

SUALA: Assalaamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Wete. Nimepewa kazi ya kufasiri maelekezo ya kampuni moja ya uwindaji ya Bara. Kuna kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki za kuwindia wanyama hatari wakubwa, kama nyati na ndovu. Mimi nimeandika "kinyamazisho cha bunduki". Mwenzangu anasema niandike "sailensa", na mwengine anashikilia "kiwambo cha kuzuia sauti". Lipi ndilo sahihi? Na je, tuseme "wanyama hatari" au "wanyama wa hatari"?

JAWABU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Maneno yote matatu yanaeleweka, na msomaji wako hatapotea. Hata hivyo, hakuna hata moja ambalo ningeliliacha lipite kama lilivyo kwenye karatasi ya maelekezo. Yote yanaahidi kimya, na kifaa chenyewe hakileti kimya. Anayesoma maelekezo ya bunduki ya kuwindia nyati ana haki ya kulijua hilo kabla hajakaa karibu na mtutu.

Nianze na lako. Kunyamaza ni kuacha kutoa sauti kabisa. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza, kilio kimekwisha. Akiendelea kulia chini chini, hatusemi kanyamaza, tunasema kapunguza. Kwa hivyo kinyamazisho ni kitu kinachoiondoa sauti yote, na hapo ndipo neno linapokuwa kubwa kuliko kazi. Tatizo hili tumelirithi. Mmarekani Hiram Percy Maxim alipopata hataza ya kifaa hichi mwaka 1909, alikiuza kwa jina la kibiashara lenye maana hiyo hiyo ya kunyamazisha, na jina likashika. Siku hizi wataalamu wengi wa silaha wanaotumia Kiingereza wanapendelea neno jengine, lenye maana ya kukandamiza, kwa sababu wanajua la mwanzo linazidisha. Sisi tunaofasiri leo hatuna haja ya kulibeba kosa ambalo wenyewe wanajaribu kulitua.

Kiswahili kina utajiri mkubwa katika jambo hili kuliko tunavyoutumia. Bunduki ya kuwindia ikipigwa hutoka sauti zaidi ya moja, na kila moja ina jina lake. Wa kwanza ni mshindo: baruti inapoungua, hewa ya moto hufumka kwenye mdomo wa mtutu kwa nguvu kubwa. Wa pili ni mwaliko. Neno hili wengi wanalijua kwa maana ya kuitwa harusini tu, lakini lipo jengine linalotokana na kualika kwa maana ya kutoa sauti kali ya kupasuka, kama tunavyoalisha vidole. Risasi inayokwenda mbio kuliko sauti hualika angani njia nzima. Bunduki ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na inayotumika mpaka leo kwa nyati na ndovu, hutupa risasi kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, ilhali sauti hewani husafiri kiasi cha mita 340. Tena upo mlio wa chuma, pale bunduki inapofunguliwa na kufungwa kwa risasi nyengine, mlio ambao mnyama aliye karibu huusikia vizuri sana.

Kifaa unachokiuliza kinashughulika na mshindo peke yake. Mwaliko hakiugusi. Mshindo wa bunduki kubwa hupita desibeli 160 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sauti ya ghafla inayopita 140 inaweza kulidhuru sikio papo hapo. Kifaa hupunguza kiasi cha desibeli 20 hadi 30 na kitu. Fanya hesabu uone kilichobaki: bado ni sauti nzito. Aliyeambiwa kwamba bunduki "imenyamazishwa" ataacha kuvaa kinga ya masikio, na huyo ndiye ninayemuonea wasiwasi kuliko sarufi yoyote.

Hapa visiwani sauti ya bunduki iliingia mpaka katika majina ya watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe aliyefariki Unguja mwaka 1905, alijulikana kwa jina la Tippu Tip. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kupepesa macho, lakini mwenyewe alilihusisha na mlio wa bunduki zake. Na ile bunduki ya rasharasha waliyokuja nayo wakoloni, Waswahili waliiita bombomu. Lugha inayosikiliza kwa makini namna hii haipaswi kuridhika na neno "sauti" kwa kila kitu.

Kuhusu sailensa, sitakupa maneno mengi. Ni neno la gereji. Msikilizaji wa Wete au wa Mkoani ukimwambia sailensa atafikiria bomba la moshi la honda, na hatakuwa amekosea.

Sasa kiwambo. Hili nalipenda, na rafiki yako amekaribia sana. Linatokana na kuwamba: tunawamba ngoma kwa ngozi, tunawamba kitanda kwa kamba. Kiwambo ni kitu kilichowambwa, kisha maana ikapanuka ikawa kinga au kizuizi chembamba kinachotenga upande mmoja na mwengine. Ukikipasua kifaa hichi, ndani utakuta vibati vilivyopangwa kimoja nyuma ya chengine, kila kimoja kina tundu la kupitisha risasi katikati, na hewa ya moto hunaswa baina yao, ikatoka polepole. Hivyo ni viwambo kwelikweli. Ila "cha kuzuia sauti" ndiko linakoharibika. Sauti haizuiliki. Andika "kiwambo cha kupunguza mshindo" pale unapokitaja mara ya kwanza, kisha endelea na "kiwambo" tu. Ukitaka neno fupi la kuweka chini ya picha, "kipunguza mshindo" linafaa, kwa kuwa limeundwa kama kipaza sauti na kinasa sauti, na wingi wake ni vipunguza mshindo.

Najua pingamizi moja. Katika hadithi zetu za upelelezi, kiwambo amekishika muuaji, na msomaji anaweza kushtuka. Sioni kama hiyo ni sababu ya kulikimbia neno. Norwei na Ufini wawindaji wa kawaida hukifunga kwa ajili ya masikio yao na ya majirani. Porini Afrika sababu ni nzito zaidi: mwindaji anayemfuata nyati kichakani mara nyingi hataki kuziba masikio, maana lazima asikie pumzi ya mnyama na mnong'ono wa kiongozi wake, na mfuata nyayo aliye mbele yake hana kinga yoyote. Pia kiwambo hupunguza nguvu ya bunduki kusukuma bega. Hasara zake nazo uzifasiri bila ya kuzilainisha: kinarefusha mtutu ukanasa kwenye miti, kinaongeza uzito mbele, na kwa zile bunduki nzito za mitutu miwili ni nadra kukuta kimefungwa.

Tahadhari moja ya kifundi. Kwenye hesi hiyo hiyo ya mdomo wa mtutu hufungwa kifaa chengine chenye matundu ubavuni, ambacho kazi yake ni kupunguza msukumo wa begani. Hicho humuongezea mshindo aliyesimama pembeni. Ukiviita vyote viwili kwa jina moja utakuwa umegeuza maana juu chini. Kila unapokutana na neno katika matini ya asili, itazame picha kwanza.

Ama "wanyama hatari", watu wanasema na siwezi kukwambia ni kosa. Lakini hatari ni nomino, na masikio ya Unguja na Pemba hutulia zaidi kwa "wanyama wa hatari". Kwa uwindaji mimi ningeandika "wanyama wakali wakubwa". Nyati hali nyama, lakini ni mkali, na ukali ndio unaokusudiwa. Ndovu liache lilivyo, ingawa Bara watakwambia tembo. Huku kwetu tembo ni la mgema pia. Na kwa kuwa karatasi inakwenda Bara, andika mwindaji. Msasi ni neno letu zuri, litunze kwa wanaosaka nguruwe kwa mbwa na mikuki.

Kwa hivyo sentensi yako ningeiweka hivi: "Bunduki za kuwindia wanyama wakali wakubwa zinaweza kufungwa kiwambo cha kupunguza mshindo. Kiwambo hakiondoi mwaliko wa risasi. Vaa kinga ya masikio kila inapowezekana, hata kama bunduki ina kiwambo."