Jibu kwa anayetaka kutengeneza magogo ya kuni kwa gliserini: toa methanoli kwanza

Mkuu, hilo dumu la bluu linaloonekana nyuma ya jiko kwenye picha yako, kama ndilo lenye gliserini, litoe nje sasa hivi halafu urudi usome.

Umesema una lita 40 za gliserini, ule uchafu mzito unaobaki ukigeuza mafuta ya kupikia kuwa biodizeli (dizeli ya mafuta ya mimea), na magunia ya vumbi la mbao, na Jumamosi unachanganya, unashindilia kwenye kalibu, unakausha "ndani karibu na joto". Umeuliza kipimo, kalibu, siku za kukauka, kupikia, na sijui nini tena. Neno methanoli, ile spiriti inayowaka upesi na yenye sumu tunayoigeuzia mafuta, sijaliona hata mara moja. Mimi pia sikulitaja wakati wangu, ndiyo maana stoo yangu leo ni sakafu na hadithi.

Fanya hesabu. Kwa lita 100 za mafuta, wengi wetu tunaweka methanoli kama lita 20. Mafuta yanatumia nusu yake na kidogo, iliyobaki ni ya ziada ili yote yageuke. Sehemu kubwa ya hiyo ziada inatuama chini pamoja na gliserini, sabuni na kostiki (ile kemikali kali tunayoiweka pamoja na methanoli). Kwa hiyo hicho kitu cheusi ulichonacho ni gliserini kwa jina tu. Na methanoli haihitaji kubembelezwa: kwenye nyuzijoto 11 tayari inatoa mvuke wa kutosha kushika moto. Chumba chako kikiwa na baridi ya kuvaa sweta bado kimepita hapo.

Mimi nilifundishwa na jamaa mmoja wa video, anajiita mtaalamu, sauti nzito, glavu mpya kabisa. "Acha ndoo wazi usiku mmoja, methanoli inaruka yenyewe." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nililisikia la mkuu vizuri tu, tena nikarudia video mara mbili, na bado nikavunjika. Ile iliyo juu juu ndiyo inayoruka. Ya ndani imeshikwa na gliserini nzito, imekaa inasubiri. Kisha wewe unaichanganya na vumbi la mbao, yaani umeitandaza kwenye chembe mamilioni, halafu unaisogezea joto. Hapo inatoka yote kwa pamoja. Nilipomwandikia yule bwana kumweleza yaliyonipata, alijibu kwamba labda vumbi langu lilikuwa la mti mbaya. Mti mbaya!

Nilikuwa na magogo 60. Nikayapanga stoo, nikawasha jiko la mkaa kona ya mbali, nikafunga mlango joto lisitoke. (Habari ya kufungia jiko la mkaa ndani tuiache, tumalize ujinga mmoja kwanza.) Mvuke wa methanoli ni mzito kidogo kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Saa mbili baadaye, mchana kweupe, nikaja kukagua, nikafungua mlango. Puu! Nyusi zikaondoka. Jirani alisema nafanana na yai la kuchemsha, na hakukosea sana.

Lakini nyusi si kitu. Nilisimama pale nikidhani yamekwisha, kwa sababu sikuona moto wowote. Moto wa methanoli mchana hauonekani. Nilichoona ni turubai linajikunja lenyewe, kama kuna mtu analikunja. Nikalishika nilivute. Mkono wa kulia ulikaa kwenye bandeji wiki tatu. Magogo yenyewe yaliposhika, hapo ndipo nikaona moto wa njano wa kueleweka, ila pampu, vichujio na madumu mawili ya biodizeli safi vilikuwa upande wa pili wake. Kama nia ilikuwa kuhakikisha kwamba yanawaka, nilihakikisha.

Kwa hiyo: vumbi la mbao lisiguse gliserini kabla methanoli haijatoka. Na itoke kwenye chombo kilichofungwa, mvuke upite kwenye bomba linalopozwa kwa maji, udondokee kwenye dumu. Usichemshe kwenye sufuria wazi, maana mvuke huo ukiuvuta unaweza kukupofusha. Fanyia nje, upashe kwa umeme, moto usiwepo karibu. Jaza nusu tu, sabuni inapanda povu kama maziwa. Methanoli ikiwa peke yake inachemka kwenye nyuzi 65, lakini ikiwa ndani ya gliserini inabana, utaenda hadi kupita 100 ndipo matone yakatike. Yakikatika kwenye 70 usishangilie, ongeza joto. Unayoipata unaitumia tena kwenye biodizeli, yaani mimi nilikuwa nachoma stoo kwa pesa yangu mwenyewe. Huna mtambo huo? Basi usitengeneze magogo. Ni hivyo tu.

Kipimo: vumbi likauke kwanza, uongeze mpaka ukifinya tonge lishikane bila kuchuruzika. Kama ulitumia kostiki soda, likipoa linaganda lenyewe. Kama ulitumia kostiki ya potasi inabaki majimaji, utahitaji vumbi jingi zaidi.

Kupikia, hapana. Gliserini ikiungua kwa moto hafifu inatoa akrolini, moshi unaochoma macho na koo. Ni ya tanuri au jiko lenye bomba la moshi, tena moto ukiwa umeshakolea kwa kuni za kawaida. Majivu yake usiyashike mikono mitupu.

Kalibu, boksi za karatasi za maziwa zinatosha, unachoma na boksi lake. Umeshalitoa lile dumu?