Maswali ya makocha: Winga amefika kibenderani, krosi anampa nani?

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaolea vijana kwenye viwanja vya Mtwara na Lindi. Karibu yote yanahusu pembeni mwa uwanja: winga anayeshambulia huko, na krosi, mpira anaoupiga kuja mbele ya goli.

Winga wangu wa miaka 14 ana mbio, mabeki wanamwona mgongo tu. Akifika karibu na kibendera cha kona anapiga krosi inapaa nyuma ya goli. Nimemfokea mpaka nimechoka. (Kocha, Mikindani)

Punguza kufoka, mtazame miguu. Nadhani anafika na kasi ileile aliyotoka nayo katikati: hafupishi hatua, mguu wa kusimamia unabaki nyuma ya mpira, kifua kinalala kwa nyuma. Mpira ukipigwa hivyo lazima upae. Mfundishe mguso wa mwisho usogeze mpira mbele kidogo. Hapo ndipo anapata nafasi ya kuinua kichwa. Kisha afupishe hatua, aweke mguu wa kusimamia ubavuni mwa mpira na ageuze nyonga kuelekea golini. Aanze kwa kutembea, baadaye mbio za wastani, bila beki. Beki mwingize akishazoea.

Na kila akipiga muulize: "Ulimpa nani?" Krosi ni pasi. Kama hakuona mtu, asipige. Amrudishie fulubeki, yaani beki wa pembeni aliye nyuma yake, waanze upya. Mashabiki watazomea, waache wazomee. Kwa umri huo mimi naamini zaidi mpira wa chini unaopita kati ya kipa na mabeki, au unaorudishwa kuelekea alama ya penalti. Bao la Msuva wa Taifa Stars dhidi ya Zambia kwenye AFCON, Januari 2024, halikuhitaji mpira wa juu: Samatta alimpasia, Msuva akamalizia.

Msimu wa korosho vijana wako mashambani na wazazi, mazoezini wanabaki saba. Nifanye nini? (Tandahimba)

Saba wanatosha kabisa. Kipa, beki mmoja, kiungo, fulubeki, winga na washambuliaji wawili. Kiungo ampe winga, fulubeki apite nje yake kwa kasi, winga achague: ampe fulubeki apige krosi, au aingie ndani mwenyewe. Washambuliaji wasikimbie njia moja. Mmoja akate kuelekea nguzo ya goli ya karibu, mwingine achelewe kidogo kisha aende ya mbali. Kosa ninaloliona sana ni wote wawili kufika mapema na kusimama wakisubiri mpira, beki mmoja akawalinda bila jasho. Wakishazoea, hamia upande wa pili, hata kama winga atalalamika kwamba mguu huo si wake.

Shikamoo mwalimu. Jioni upepo wa baharini unabeba krosi zangu zote. (Mchezaji, Lindi mjini)

Marahaba. Angalia kibendera kabla mechi haijaanza. Upepo ukikupiga usoni, mpira wa juu utakufia njiani. Piga chini na kwa nguvu. Ukiwa mgongoni mwako, punguza nguvu. Mwangalie na kipa, maana naye anahangaika na upepo huohuo.

Mwanangu ana miaka 10. Kocha anawapigisha vichwa kila siku. Ni sawa? (Mama, Nachingwea)

Hapana, mama. Tangu 2020 mwongozo wa chama cha soka cha England unataka watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, kwa tahadhari ya ubongo. Zungumza na kocha kwa upole, umwombe watoto wamalizie krosi za chini kwa miguu. Uliza pia kama wanatumia mpira namba 4. Namba 5 ni mkubwa kwao.

Winga amefika mstari wa goli, akarudisha mpira nyuma, mwenzetu akafunga. Refa akasema ameotea. Ni haki? (Ruangwa)

Kama mfungaji alikuwa nyuma ya mpira ulipopigwa, hakuotea, hata kama mbele yake alibaki kipa peke yake. Angekuwa mbele ya mpira, hapo ndipo mngehesabu mabeki. Kwenye kona na mpira wa kurusha hakuna kuotea kwa anayepokea moja kwa moja.