Jibu: Kuchuja ramani tatu za tekscha kwa mpigo mmoja

Habari mkuu. Umesema ukipitisha kichujio cha nasibu (kinachobadilisha picha kwa kubahatisha) kwenye ramani za tekscha, yaani picha zinazovalishwa umbo la 3D, ya kivuli, ya ukwaruzo na ya metali, moja moja, madoa hayakai tena mahali pamoja. Angalia kwanza vipimo: GIMP (programu ya kuhariri picha) haiunganishi picha zisizolingana ukubwa, na ziwe za kijivu. Kisha ziunganishe kuwa picha moja ya RGB, kila ramani kwenye chaneli (sehemu ya rangi moja) yake: kivuli nyekundu, ukwaruzo kijani, metali buluu, kama glTF (umbizo la faili za 3D) inavyopanga. Chuja mara moja ili madoa yakae mahali pamoja, halafu zitenganishe. Vichujio vya kukoleza rangi mimi huviepuka kabisa, maana huchanganya chaneli. Na usihifadhi kwa JPEG! Iliniharibia ukuta mzima wa matofali, tumia PNG. Ramani ya normali (inayoonyesha uso umeelekea wapi) iache peke yake, chaneli zake tatu ni mwelekeo mmoja.