Maswali ya wasomaji: Mtoto wa kemo akiwa nyumbani

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wazazi, bibi na ndugu wa watoto wanaotibiwa saratani. Karibu zote zinauliza kuhusu siku ambazo mtoto hayuko wodini. Zimejibiwa na jopo letu la wauguzi na madaktari wa saratani za watoto.

SWALI: Shikamooni. Mwanangu ana miaka 4, anatibiwa saratani ya damu Bugando. Tulirudi Kahama baada ya dripu, na siku ya tisa usiku akachemka mwili. Nikampa Panado, asubuhi akaamka anacheza. Zahanati wamempima malaria, hana. Kliniki yetu ni wiki ijayo. Nisubiri? – Mama, Kahama

JIBU: Marahaba, mama. Usisubiri hata saa moja. (Tulimpigia simu siku barua ilipofika, tunachapa jibu kwa ajili ya wengine.)

Kemo, yaani dawa za saratani ambazo mara nyingi hutolewa kwa dripu, inaua seli za saratani, lakini inaua pia seli za uboho, ule wa ndani ya mifupa, zinazotengeneza damu. Kwa dripu nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 seli nyeupe ndipo zinapofika chini kabisa. Zile zinazoitwa neutrofili zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, mtoto hana hata uwezo wa kutunga usaha. Kidonda hakivimbi, kifua hakitoi makohozi. Dalili inayobaki mara nyingi ni homa peke yake, na Panado inaizima hiyo hiyo moja. Bakteria wenyewe mara nyingi ni wa mdomoni na tumboni mwake mwenyewe, wanaopenya kwenye damu kupitia vidonda vya kemo. Ndiyo maana mtoto anaweza kucheza asubuhi na jioni akawa hoi.

Nunua kipimajoto cha kidijitali. Futa jasho kwapani, kibane mpaka kilie. Kikisoma 38 au zaidi, safari imeanza. Kikisoma kati ya 37.5 na 37.9, pima tena baada ya nusu saa, na katikati hapo usimpe dawa yoyote ya kushusha homa. Usipime kwenye njia ya haja kubwa wala usimwekee dawa ya kuingiza huko, maana mchubuko mdogo tu unawatosha bakteria. Mtoto anayetetemeka, aliyelegea au anayelalamika tumbo aende hata kama kipimajoto kinasoma 36.5, hasa akiwa kwenye prednisoloni au deksamethasoni. Dawa hizo huficha homa.

Kama hospitali yenu iko mbali, nenda kwanza hospitali au kituo cha afya cha karibu chenye uwezo wa kuweka dripu, huku ukiipigia simu wodi. Kinachotafutwa ni antibayotiki ya mshipani ndani ya dakika 60 tangu mfike. Safari ya rufaa ifuate baadaye. Pale mapokezi usiseme tu kwamba mtoto ana homa, maana atapangwa foleni. Sema: "Yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, homa ni 38.4." Kipimo cha malaria kifanyike, hatukikatai. Ila kikiwa hasi hakijasema mtoto yuko salama, na kikiwa chanya bado anahitaji antibiotiki pamoja na dawa ya malaria. Watoto wengi hupotezwa hapo hapo: malaria imeonekana, wamepewa vidonge, wamerudishwa nyumbani.

Asichomwe sindano ya tako au paja, kwa sababu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinaweza kuwa chini pia. Kwa sababu hiyo hiyo asipewe aspirini, diklofenaki wala brufeni.

Kabla hamjaruhusiwa wodini, omba barua yenye muhuri: ugonjwa, tarehe ya dripu, uzito wa mtoto, antibayotiki ya kuanzia na namba ya simu ya wodi. Iwekeni ndani ya kadi ya kliniki. Na nauli ya homa itengeni mapema, isiguswe hata kwa mchango wa harusi.

SWALI: Binti yangu ana saratani ya damu, amemaliza dripu, sasa ni vidonge vya nyumbani: mekaptopyurini, methotrekseti na Septrin. Mama yake akisafiri nabaki mimi na dada wa kazi. Naogopa kuchanganya. Halafu mtoto amenawiri kabisa, hivi vidonge ni vya nini tena? – Baba, Mbagala

JIBU: Unaogopa jambo la kuogopwa, kaka. Mekaptopyurini humezwa kila siku. Methotrekseti ni mara moja kwa wiki. Tatizo ni kwamba vidonge vyote viwili mara nyingi ni vya njano njano. Cha mekaptopyurini kwa kawaida kina miligramu 50, cha methotrekseti 2.5, hivyo siku ya methotrekseti mtoto anaweza kumeza vidogo vitano au sita kwa mpigo. Mtu asiyejua akiona "vitano" kwenye pakiti anaweza kumpa vitano kila jioni. Siku chache za kosa hilo zinatosha kumjaza mtoto vidonda kuanzia midomo hadi utumbo na kuzima uboho, na wapo wanaokufa.

Kwa hiyo chagueni siku moja, tuseme Jumatano, muiandike kwa kalamu nene juu ya kopo la methotrekseti. Kopo hilo likae kabati tofauti, na funguo awe nayo mtu mzima mmoja. Dada wa kazi asiachiwe methotrekseti kabisa. Akikosekana mzazi Jumatano, pigeni simu wodini kuuliza siku mbadala. Mekaptopyurini apewe saa ileile kila jioni. Dozi hupangwa kwa ukubwa wa mwili, ndiyo maana kadi inaweza kusema leo kizima, kesho nusu. Bandikeni kalenda ukutani, mtie alama baada ya kumeza, si kabla. Dozi iliyosahaulika isifidiwe kwa kumpa mara mbili kesho yake. Anayekata kidonge avae glavu na anawe, na mjamzito asikiguse.

Septrin inamlinda dhidi ya nimonia ya aina ya pekee inayowapata wenye kinga dhaifu. Apewe siku zilizoandikwa tu. Akikohoa msimnunulie Septrin ya ziada duka la dawa, kwa kuwa dozi kubwa pamoja na methotrekseti inashusha damu zaidi.

Kunawiri kwake kunatokana na vidonge hivyo hivyo. Seli za saratani zilizobaki ni chache mno kuonekana kwa darubini, ila zipo. Matibabu ya saratani hii ya damu huchukua miaka 2 hadi 3 yote kwa jumla, na sehemu kubwa ya muda huo ni vidonge vya nyumbani.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 3 amevimba tumbo upande mmoja, wakasema ni uvimbe wa figo. Mbona hawapasui, wanampa dawa tu wiki ya tatu sasa? Kuna mzee hapa anakanda matumbo na anatoa dawa ya miti. Nisimpeleke wakati tunasubiri? – Bibi, Korogwe

JIBU: Shikamoo bibi. Tumbo hilo lisikandwe na mtu yeyote, hata daktari mwanafunzi asilibonyeze bonyeze. Uvimbe wa figo wa watoto, unaoitwa Wilms, huwa laini na umefunikwa na utando mwembamba. Ukipasuka ndani, seli zinamwagika tumboni. Hapo ugonjwa unapanda hadi hatua ya tatu, na mtoto ambaye pengine angemalizana na upasuaji na dawa kidogo sasa anahitaji dawa kali zaidi pamoja na mionzi ya tumbo. Mvalisheni nguo isiyobana kiunoni, asibebwe mgongoni kwa kanga iliyokazwa, na asigombane na wenzake kwa sasa.

Kuhusu kuchelewa kupasua, hawajachelewa. Kwa utaratibu unaotumika hospitali nyingi, uvimbe ambao haujasambaa hupewa kwanza dawa kwa wiki 4: vinkristini kila wiki, na aktinomisini wiki ya kwanza na ya tatu. Uvimbe unasinyaa, unakuwa mgumu kidogo, na daktari anautoa mzima pamoja na figo ile bila kuupasua. Figo moja iliyobaki inatosha mtu kuishi nayo.

Vinkristini inafunga choo. Mpeni maji ya kutosha, papai lililooshwa na kumenywa, na siku ya pili bila choo waambieni kliniki. Msimpige bomba la maji njia ya haja kubwa. Akianza kuburuta nyayo au kulalamika taya, semeni pia.

Dawa ya miti tunaikataa kwa sababu ya ini, bibi, wala si kwa kumdharau mzee. Aktinomisini inalichosha ini, na dawa nyingine ikiongezwa juu yake macho yakigeuka ya manjano hakuna anayejua ipi imeleta. Chale nazo hapana: damu haitaganda na wembe una wadudu. Dua na maombi havina shida yoyote. Kama mmeshampa kitu, mwambieni daktari bila kuficha ili apime ini kabla ya dozi ijayo. Akiwagombeza, vumilieni, kipimo ndicho tunachokitaka.

SWALI: Taya la mtoto wetu lilikuwa kama embe. Siku tano baada ya dripu ya kwanza limerudi kuwa la kawaida! Mume wangu anasema amepona, turudi shamba, msimu unapita. – Mama, Kigoma

JIBU: Ugonjwa huu unaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeuelezea mwaka 1958 akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa kuwa zinagawanyika upesi, kemo inazikuta upesi, na taya linanywea mbele ya macho ya kila mtu. Zilizobaki nazo zina kasi ileile. Mkiondoka sasa uvimbe unaweza kurudi kabla hamjavuna, na safari hii ukute umezoea dawa au umeingia kwenye uti wa mgongo na ubongo. Sindano za mgongo anazopewa ni za kuzuia hilo, kwa sababu dawa ya dripu haifiki huko vizuri. Hazipoozeshi miguu. Kinachoweza kupoozesha ni uvimbe wenyewe ukibana uti wa mgongo.

Kwa mumeo tunashauri asitishwe. Mwende wote kwa daktari mwombe ratiba nzima kwa tarehe: dozi ngapi zimebaki na ya mwisho ni lini. Matibabu ya Burkitt ni ya miezi, hayafiki miaka, na mwanamume akiona tarehe ya mwisho kwenye karatasi anaweza kupanga shamba lake. Kisha muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku hiyo hiyo, kabla fedha hazijaisha. Muulizeni kuhusu msamaha wa gharama, nauli, na nyumba ya kulala wazazi kama ile ya watoto wanaotibiwa Muhimbili. Inawezekana pia mmoja wenu arudi shamba na mmoja abaki. Hilo ni bora kuliko wote kuondoka.

SWALI: Nipo kidato cha pili. Mdogo wangu wa miaka 2 ametolewa jicho kwa kansa. Mwaka jana nilimpiga na mpira usoni bila kukusudia. Sijamwambia mtu. Ni mimi? – Kaka mtu, Tanga

JIBU: Si wewe. Mpira hausababishi saratani ya jicho, wala ngumi, wala kuanguka. Saratani hii, retinoblastoma, inaanza pale seli changa za nyuma ya jicho zinapopoteza jeni iitwayo RB1. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mtoto amegongwa, watu wakamtazama jicho kwa makini, ndipo wakaona weupe uliokuwepo tangu zamani. Mwambie mama hili ulilotuandikia. Huenda naye ana lake analojilaumu.

Kuna kazi tunakupa. Tafuta kwenye simu za nyumbani picha za mdogo wako zilizopigwa kwa mwanga wa flashi, uone weupe kwenye mboni ulianza lini, daktari atazihitaji. Kama kuna mtoto mwingine chini ya miaka 5 nyumbani, wakumbushe wazazi apimwe macho kwa dawa ya kupanua mboni, kwa sababu kwa baadhi ya familia jeni hiyo inarithiwa. Jicho la bandia halitaona, na litabadilishwa anavyokua. Anayelitoa na kulirudisha anawe kwa sabuni kwanza, alisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, bila spiriti. Jicho lililobaki ndilo la kulinda: vijiti, manati na mishale vikae mbali naye.

KWA UFUPI

Mkojo mwekundu baada ya dripu nyekundu (Mama, Mombasa): Ni rangi ya doksorubisini, hukaa siku moja hadi mbili. Ukiwa mwekundu baadaye, au akilia akikojoa, huenda ni damu, rudi hospitali. Kwa saa 48 baada ya dripu, vaa glavu ukishika mkojo, kinyesi au matapishi, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Vidonda vya mdomo (Baba, Dodoma): Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa, asukutue mara nne kwa siku na kutema. Mswaki uwe laini. Uji upoe kabla hajapewa, na ndimu asipewe. Asipoweza kunywa kabisa, mpeleke.

Tetekuwanga darasani (Mwalimu, Morogoro): Mpigie mzazi wa mwanafunzi aliye kwenye kemo siku hiyo hiyo, usingoje upele. Kinga anayoweza kupewa hospitalini inafanya kazi ikiwahi ndani ya siku tatu au nne za mwanzo. Surua vilevile. Siku nyingine aje shule kama damu yake inaruhusu, na wenzake waambiwe wazi kwamba saratani haiambukizi.